Kabla hujasema ziwa limebadilika

Mfululizo wangu wa kwanza wa rangi ya maji ya Ziwa Viktoria niliujenga nikiwa Entebbe. Nilichukua vipimo vya MERIS, kifaa cha satelaiti kilichosoma rangi ya maji, kuanzia 2002, nikaviunga na vya OLCI, kifaa kilichorithi kazi hiyo kwenye satelaiti za Sentinel-3. Grafu ikaonyesha klorofili, rangi ya kijani ya mwani, imepanda ghafla mwaka 2016, nami nikaanza kuandika ripoti kwamba mwani umeongezeka.

Kilichoniokoa ni ramani. Mruko ulikuwa uleule katikati ya ziwa na kwenye Ghuba ya Murchison, mwezi mmoja. Uchafu wa Kampala huielemea ghuba; hauwezi kubadilisha ziwa zima kwa mpigo. Ndugu yangu, mabadiliko yakitokea kila mahali siku moja, shuku kifaa kwanza.

Envisat, satelaiti iliyobeba MERIS, ilinyamaza Aprili 2012, na Sentinel-3A ikarushwa Februari 2016. Karibu miaka minne vifaa hivyo havikutazama maji pamoja hata siku moja. Tafuta wa tatu aliyewaona wote wawili: MODIS, kifaa cha satelaiti ya Aqua, kilichoanza kupima 2002. Linganisha kila kimoja nayo kwa miezi waliyofanya kazi pamoja, tena ufanye hivyo ziwani katikati, maana kila kipimo cha MODIS hufunika kama kilomita 1 na huchanganya ghuba nyembamba na nchi kavu.

Tofauti ndogo usiidharau. Juu ya bahari, kama asilimia 90 ya mwanga unaoifikia satelaiti hutoka kwenye angahewa, si majini, hivyo kosa la asilimia 1 kwenye kifaa huweza kuwa asilimia 10 kwenye rangi ya maji. Ndiyo maana SeaWiFS, kifaa cha satelaiti cha zamani cha kupima rangi ya bahari, ilikuwa ikiutazama mwezi wa angani kila mwezi, ijue jinsi inavyochakaa. Na watafiti wamekadiria kwamba baharini huhitajika miaka kama 40 kuitenganisha athari ya tabianchi na mabadiliko ya kawaida. Hakuna satelaiti ya rangi ya maji iliyoishi hivyo, lazima tuunge.

Kosa langu jingine lilikuwa kuchanganya data za matoleo mawili ya uchakataji. Toleo jipya likitoka, pakua zote upya tangu mwanzo. Inauma kwa gharama ya intaneti, lakini fanya.

Halafu shuka majini na sahani ya Secchi, ile inayozamishwa kupima uwazi wa maji, ulinganishe na satelaiti. Sentinel-3 hupita kama saa nne asubuhi, Aqua ilizoea saa saba na nusu mchana, na mwani hupanda na kushuka kati ya saa hizo. Andika saa, si tarehe tu.