Re: Kaunta ya Geiger inatosha kupima mionzi ya wanaanga?

Mdogo wangu nimekuelewa, projekti yako ni dozi ya mionzi ndani ya ISS (kituo cha kimataifa cha anga za juu) na unataka utegemee Geiger tu. Haitoshi aisee. Geiger inahesabu chembe basi, haikwambii hii ni protoni au ni kiini kizito cha atomu ya chuma, na hicho cha chuma kinaumiza seli vibaya zaidi.

Kule wanachanganya vipimo. Kuna vidosimeta vya fuwele, TLD, vikirudi duniani vinapashwa moto vinatoa mwanga, ule mwanga ndo unasomwa kama dozi, ila vinapunja hesabu ya chembe nzito ndo maana vinawekwa pamoja na plastiki ya CR-39, inalowekwa kwenye kemikali kali mpaka vishimo vya chembe vionekane kwa hadubini. Hapo ukidaka umemaliza nusu ya kazi. Tangu 2012 kuna pia Timepix, chipu inayoonyesha njia ya kila chembe papo hapo.

Usichanganye mGy (nishati ya mionzi iliyoingia mwilini) na mSv (hiyo hiyo ikipimwa kwa madhara yake kwa mwili), ISS inacheza kwenye kama nusu mSv kwa siku.

Na tafadhali, usitafute chanzo cha mionzi mwenyewe ili ujaribishe kifaa, nenda maabara yenye kibali ukasimamiwe.