Saa Kumi na Tano Angani: Kwa Mwalimu Anayekwenda Kufundisha Kiswahili Marekani

Kila mwaka, mwezi wa Agosti unapokaribia, walimu kadhaa kutoka Kenya na Tanzania hufunga mizigo kwenda kufundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya Marekani, baadhi yao chini ya Fulbright, mpango wa serikali ya Marekani wa walimu wasaidizi wa lugha, unaochukua mwaka mmoja wa masomo. Nami nilipita njia hiyo. Swali ninaloulizwa mara nyingi na wanaojiandaa halihusu darasa, bali ndege: mtu atavumiliaje kukaa kitini saa zote hizo? Jibu langu ni kwamba anaweza hata kuzifurahia, mradi asizigeuze kuwa saa za kazi.

Sisi walimu hatujui kukaa bure. Hata hivyo, nakushauri uache azimio la kazi na maandalio ya somo kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege, kwa kuwa bado hujawaona wanafunzi wako. Darasa lako huenda likamchanganya kijana asiyewahi kusikia neno la Kiswahili na mtoto wa wahamiaji kutoka Kongo anayekielewa vizuri lakini hawezi kukiandika, na somo lililoandaliwa juu ya Atlantiki halitamfaa yeyote kati yao.

Tangu Oktoba 2018, Kenya Airways imekuwa na safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, inayochukua takriban saa 15. Kurudi huwa kufupi kidogo, kwa sababu pepo za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukiondoka usiku, giza hukaa nawe muda mrefu kuliko kawaida, kwani ndege inaelekea upande uleule ambako usiku unakwenda. Kwa hiyo ichukulie safari kama usiku mmoja mrefu: kula, zungumza kidogo na jirani yako, kisha lala kabla ya kufungua filamu yoyote. Filamu zina tabia ya kuzaa filamu nyingine.

Ndani ya ndege kuna baridi, na blanketi wanazogawa ni nyepesi. Mimi hubeba leso, yaani kanga, pea moja kwenye mkoba wa mkononi. Hujifunika nayo angani, kisha hufika nayo darasani kama zana ya kufundishia, maana jina lake, yaani msemo ulioandikwa juu yake, hutosha kuendesha mjadala wa kipindi kizima. Chagua kiti cha kando ya njia ili uweze kuinuka bila kumwamsha mtu, na uinuke kweli, kwa sababu kukaa saa nyingi bila kusogeza miguu huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Kunywa maji mara kwa mara, kwani hewa ya humo ni kavu mno.

Chakula nacho usikilaumu haraka. Hewa kavu na mgandamizo mdogo hupunguza uwezo wetu wa kuonja chumvi na sukari, hivyo hata pilau nzuri huonekana imepooza. Ubuyu wa Mombasa, kwa uchachu wake, haushindwi kirahisi, ila umalize kabla ya kutua, kwa sababu mbegu, matunda na nyama ni vitu vya kutangazwa forodhani. Anayehitaji chakula halali au kisicho na nyama aagize mapema, angalau siku moja kabla ya safari.

Jambo moja halina mzaha: pasipoti, fomu ya DS-2019 (inayothibitisha kuwa uko kwenye mpango wa kubadilishana wageni) na barua ya chuo visikae mbali nawe. Afisa wa uhamiaji atavitaka kabla hujaliona sanduku lako, na kama unaunganisha ndege ya ndani, kwa kawaida utalichukua sanduku hilo New York na kulikabidhi upya. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, acha angalau saa tatu kati ya ndege hizo mbili.

Mwezi wa Agosti New York iko nyuma yetu kwa saa 7. Rekebisha saa yako mara tu unapoketi, na siku ya kufika jikaze usilale hadi saa tatu usiku ya huko, hata kama mwenyeji wako atakuonyesha kitanda saa nane mchana.