Maswali ya Wasomaji: Wiki Nane Kabla ya Mtihani wa Marubani wa Jeshi

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, wazazi wangu wakiwa wametoka Fizi, Kongo, na tulihamia Kentucky nikiwa na miaka 9. Sasa nina miaka 26, ni raia wa Marekani na askari wa Jeshi la Nchi Kavu, na kazi yangu ni ufundi wa helikopta za Black Hawk. Nimeamua kuomba nafasi ya urubani kwa njia ya afisa mteule (warrant officer), na baada ya wiki nane nitafanya SIFT, mtihani wa kuchuja waombaji wa urubani wa Jeshi. Wenzangu wananiambia kwamba mtihani huu hupima kipaji, kwamba mtu ama anacho ama hana, na kwamba kujisomea ni kupoteza wakati. Hesabu niliziacha tangu sekondari, na Kiingereza ni lugha yangu ya tatu. Tena nimesikia kwamba nafasi ni mbili tu maishani. Nijiandaeje?
Msomaji, Kentucky

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kufikia hatua hiyo. Nianze na hilo neno kipaji, kwa sababu ukiliamini litakuibia wiki zako zote nane.

Wenzako wameshika nusu ya ukweli. Mitihani ya namna hii ilikua wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pale jeshi la anga la Marekani lilipoanzisha, mwaka 1941, mpango wa wanasaikolojia chini ya John C. Flanagan ili kupunguza idadi ya vijana waliokuwa wakishindwa katikati ya mafunzo. Waliotahiniwa walipewa alama kuanzia 1 hadi 9. Kisha wataalamu hao wakafanya jambo la ujasiri: kundi la watu zaidi ya elfu moja liliruhusiwa kuingia mafunzoni bila kujali alama, ili ionekane kama mtihani unasema kweli. Ikaonekana kwamba kadiri alama zilivyopanda ndivyo wahitimu walivyoongezeka, na wale wa alama za chini kabisa ni wachache mno waliofika mwisho. Lakini tazama kilichokuwa ndani ya mitihani ile: pamoja na wepesi wa macho na mikono, mlikuwa na hesabu, kanuni za mitambo, usomaji wa vipimo na majedwali, na maswali ya maarifa kuhusu ndege. Mambo hayo hufundishika. Nimefundisha fizikia muda wa kutosha kusema bila kusita kwamba mwanafunzi aliyeitwa hana kichwa cha mitambo mara nyingi hakuwahi kuonyeshwa mtambo na mtu mwenye subira.

SIFT nayo iko hivyo hivyo. Ina sehemu saba, na alama yake ya mwisho huwa kati ya 20 na 80, ambapo 40 ndiyo ya kufaulu. Ni kweli kwamba nafasi ni mbili maishani, lakini liko sharti jingine ambalo watahiniwa wengi hulijua wakiwa wamechelewa: ukishafaulu, huruhusiwi kurudia. Mtu aliyepata 41 atabaki na 41 hiyo katika faili lake, na bodi ya uteuzi itamlinganisha na wenye 60 na zaidi. Kwa hiyo usijiandae kwa lengo la kuvuka 40. Ikiwa wiki ya saba itafika nawe bado unayumba, omba tarehe isogezwe mbele; kusubiri mwezi mmoja ni hasara ndogo kuliko kuishi na alama dhaifu usiyoweza kuibadilisha.

Sehemu mbili za mwanzo ndizo zinazowapa wenzako sababu ya kusema wanayoyasema. Katika ya kwanza unaonyeshwa michoro mitano ambayo mmoja wake hauna mwenzake, na unatakiwa kuutambua. Maswali ni 100 na muda ni dakika 2. Katika ya pili unatafuta umbo lililofichwa ndani ya mchoro wenye mistari mingi, maswali 50 kwa dakika 5. Hakuna anayetarajiwa kumaliza. Hapa mazoezi ya dakika kumi kila siku yanatosha ili jicho lizoee na mkono usigande, na usingizi wa usiku uliotangulia utakusaidia zaidi ya kitabu chochote. Dakika inapokaribia kwisha usianze kubonyeza majibu ovyo katika sehemu hizi mbili. Zimewekwa kupima kasi pamoja na usahihi, na kubahatisha kunaweza kukushusha.

Uzito wa maandalizi yako uweke kwenye sehemu ya maarifa ya urukaji, yenye maswali 40 kwa dakika 30, kwa sababu hapo wewe fundi una mali ambayo bado hujaihesabu. Unakijua kila kifaa kwa mkono. Kilichobaki ni kujua rubani anakitumia kwa nini. Ile fimbo ya mkono wa kushoto ikipandishwa, pembe ya mapanga yote ya pangaboi kubwa huongezeka kwa pamoja na ndege huinuka. Ile iliyo kati ya magoti hubadilisha pembe ya kila panga kwa zamu kadiri linavyozunguka, na hivyo duara zima huinamia upande ambao rubani anataka kwenda. Pedali za miguuni hubadilisha pembe ya mapanga ya mkiani, na hivyo kugeuza pua. Sasa jiulize swali ambalo mtahini hupenda: pangaboi la Black Hawk, ukilitazama kutoka juu, huzunguka kinyume cha mishale ya saa, je, rubani akiongeza nguvu, pua itataka kwenda wapi? Itataka kwenda kulia, kwa kuwa mwili wa ndege husukumwa kinyume na mzunguko wa pangaboi, na ndiyo maana mguu wa kushoto hukanyaga.

Endelea kwa namna hiyo hiyo, ukiuliza sababu kila mahali. Helikopta inapokwenda mbele, panga linaloelekea mbele hukutana na upepo mwingi kuliko lile linalorudi nyuma, na kama mapanga yasingeruhusiwa kupanda na kushuka kidogo, upande mmoja ungeinuka kuliko mwingine na ndege ingelala. Injini ikizimika, rubani hushusha mara moja fimbo ya kushoto, na hewa inayopanda kutoka chini wakati ndege inashuka huendelea kuzungusha pangaboi mpaka chini. Halafu lipo suala la hewa nyepesi. Joto, mwinuko na unyevunyevu vyote hupunguza uzito wa hewa, na ndege hupoteza nguvu ya kuinuka. Wengi hukosea kwa unyevunyevu, wakidhani kwamba hewa yenye maji ni nzito zaidi, ilhali mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu unayoiondoa. Ukitaka mfano wa nyumbani, fikiria ndege ile ile ikiruka mchana kutoka Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600, na ikiruka kutoka Mombasa iliyo usawa wa bahari: Nairobi itahitaji njia ndefu zaidi au mzigo mdogo zaidi.

Soma pia mambo ya uwanjani. Namba ya njia ya kurukia ni mwelekeo wa dira uliogawanywa kwa kumi, kwa hiyo njia ya uwanja wa Jomo Kenyatta iitwayo 06 huelekea karibu nyuzi 60, na ukiijia kutoka upande wa pili huitwa 24. Taa za kando ya njia ya kurukia ni nyeupe, na za kando ya njia ya kutembezea ndege ni za buluu. Bawa la kushoto lina taa nyekundu na la kulia kijani, na kwa taa hizo rubani hujua usiku kama ndege iliyo mbele yake inamjia au inamwacha. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, hutoa bure kwenye intaneti mwongozo wake wa kuendesha helikopta. Usome wote polepole, ukifafanua kila sura kwa Kiswahili kwa sauti kana kwamba unamweleza mdogo wako. Usipoweza kueleza aya fulani kwa Kiswahili, basi hujaielewa kwa Kiingereza pia.

Sehemu ya kutambua mkao wa ndege ina maswali 25 kwa dakika 10. Unaonyeshwa pwani na upeo wa macho kama unavyoonekana kutoka kiti cha rubani, kisha unachagua kati ya michoro ya ndege ule unaolingana. Wanaokosea hapa hutazama kila kitu kwa wakati mmoja. Wewe tazama kwanza urefu wa upeo: ukiwa chini na anga ikawa kubwa, pua imeinuliwa, ukiwa juu, pua imeshushwa. Kisha tazama mlalo: upeo ukiwa juu upande wa kulia, ndege imelalia kulia. Mwisho tazama mstari wa pwani ili ujue ndege inaelekea wapi. Mara nyingi hatua mbili za kwanza huwa zimekwisha kuondoa michoro mitatu. Tumia mkono wako kama ndege huku ukitazama picha, mpaka siku ambayo mkono hautahitajika tena.

Hesabu huchukua dakika 40 na mitambo dakika 15, na sehemu zote mbili hubadilika kulingana na mtahiniwa: ukijibu sawa, kompyuta hukuletea swali gumu zaidi, wala huwezi kurudi nyuma kusahihisha. Kwa hiyo maswali yakizidi kuwa magumu usivunjike moyo, kwa kuwa pengine ni dalili kwamba unakwenda vizuri. Kikokotoo hakiruhusiwi, basi kiweke kabatini tangu leo. Rudia hesabu za sehemu (kama nusu na robo) na asilimia, uwiano, vipeo, milinganyo, maeneo na ujazo, na zaidi ya yote mwendo, muda na umbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni kama maili 40 za baharini. Kwa mwendo wa maili hizo 120 kwa saa utatumia theluthi moja ya saa, yaani dakika 20. Hesabu za aina hiyo uzifanye kichwani kila ukiwa njiani.

Katika mitambo utakutana na wenzo, gia, makapi (puli za kamba) na haidroliki. Gia ya meno 20 ikizungusha ya meno 60, ile kubwa itazunguka mara moja kila ndogo inapozunguka mara tatu, lakini kwa nguvu ya kuzungusha mara tatu. Mabaharia wa majahazi walioinua foromali nzito, yaani mti wa kushikia tanga, kwa henza, kamba ya kulipandishia, iliyopitishwa kwenye makapi walijua jambo ambalo mtahini anakuuliza leo: hesabu sehemu za kamba zinazobeba mzigo; zikiwa nne, utavuta kwa robo ya uzito, ukiacha msuguano, lakini utavuta kamba mita nne ili mzigo upande mita moja.

Kuhusu Kiingereza, kusoma kwa ufahamu ni maswali 20 kwa dakika 30, muda ambao hautakubana sana. Kinachowaponza watu ni kuchagua jibu ambalo ni kweli katika maisha lakini halimo katika aya. Wewe umekulia katika lugha tatu na umezoea kuuliza neno lina maana gani hapa lilipo, tabia ambayo itakufaa sana. Kila jibu unalochagua, liwekee kidole sentensi inayolithibitisha.

Wiki mbili za mwisho fanya mtihani mzima wa mazoezi, kwa saa ile ile ya asubuhi utakayofanyia wa kweli, bila simu na bila kusimama katikati ya sehemu. Andika kila ulichokosa na sababu ya kukosa, kisha rudi kwenye sababu hizo tu.

SWALI: Mwalimu, heshima yako. Binti yangu anasoma uhandisi mwaka wa tatu hapa Texas na anataka kuwa rubani wa Jeshi la Wanamaji. Anasema mtihani wao una usukani na vipokea sauti. Nimnunulie kozi ya gharama kubwa pamoja na vifaa vya michezo ya kompyuta?
Baba wa binti, Texas

JIBU: Ndugu yangu, mtihani wa binti yako unaitwa ASTB-E, nao unatofautiana na ule niliouzungumzia hapo juu katika jambo moja kubwa: nafasi ni tatu maishani, anasubiri siku 30 kabla ya kurudia mara ya kwanza na siku 90 kabla ya mara ya pili, na alama inayohesabiwa ni ya mara ya mwisho. Anaweza kupanda, na anaweza pia kujishusha, kwa hiyo asirudie kwa pupa.

Hesabu, ufahamu, mitambo na maarifa ya ndege na ya baharini hazihitaji kozi ya gharama, hasa kwa mwanafunzi wa uhandisi. Sehemu iliyomtia wasiwasi huanza kwa kila kazi peke yake, kisha kazi huunganishwa: anafuata alama kwenye skrini kwa fimbo na kwa kidhibiti cha nguvu, huku masikio mawili yakisomewa herufi na tarakimu tofauti, naye akiagizwa kulifuata sikio moja tu. Usukani wa fimbo wa bei nafuu utamfaa kwa sababu moja, yaani kuzoea kwamba fimbo ikisukumwa mbele pua hushuka. Kwa masikio, wewe na mama yake mkae kila mmoja upande wake, msome tarakimu tofauti kwa wakati mmoja, naye ataje zile za upande mmoja pekee.

Ipo pia kazi ambayo anaonyeshwa ramani yenye ndege isiyo na rubani na mwelekeo wake, pamoja na picha ya kamera ya jengo lenye maegesho pande nne, kisha anaulizwa maegesho ya kaskazini ni yapi. Ndege ikielekea kusini, sehemu ya juu ya picha ni kusini na mkono wa kulia ni magharibi. Ajizoeze kwa karatasi: achore duara la dira, aligeuze mpaka mwelekeo wa ndege uwe juu, asome jibu, na arudie kwa mielekeo yote minane mpaka ajibu bila kuligeuza.