Maswali ya Wasomaji: Kisiki Hutolewa kwa Mizizi Yake

Barua za visiki zimenifikia nyingi safari hii, na karibu zote zinauliza jambo moja: nimwagie nini? Nimekata na kung'oa miti kwa miaka 31, na sijakutana na kitu cha kumwagia kinachoondoa kisiki kwa wiki moja wala kwa mwezi. Kisiki ni kichwa tu. Mwili uko chini ya udongo, na huko ndiko kazi iliko. Nimechagua barua nne kwa sababu miti yake haifanani, na kila mmoja una dawa yake.

*Shikamoo Mzee. Tulikuwa na msonobari mkubwa katikati ya ua. Miezi miwili iliyopita mafundi waliukata, wakauacha umelingana na ardhi. Upana wake ni kama sentimita 60. Watoto wanajikwaa na mashine ya kukatia nyasi haipiti. Jirani ananiambia nimwage chumvi ya jikoni, shemeji yangu anasema nimwage mafuta ya taa nichome. Nyumba iko hatua sita. Nifuate la nani? – Mama wa Watatu*

Marahaba, binti yangu. Nakuomba usifuate la jirani wala la shemeji.

Tuanze na chumvi. Chumvi haiyeyushi mbao. Kisiki kilicho hai inaweza kukidhuru, lakini chako kimeshakufa: msonobari ukikatwa chini hauchipui tena, isipokuwa aina chache. Kwa hiyo utakachoua pale ni udongo. Mvua itaishusha chumvi na kuisambaza, na mahali ulipotaka nyasi patabaki kipara kwa muda mrefu.

Moto nausema kwa uchungu. Nilipokuwa kijana nilichoma kisiki kikavu kwenye ua wa mteja. Niliwasha asubuhi, jioni nikamwaga ndoo kwa ndoo za maji mpaka mvuke ukakoma, nikaondoka nikijua kazi imekwisha. Siku ya nne moshi ulitokea chini ya uzio, mita tatu kutoka kwenye shimo. Moto ulikuwa umeingia katika mzizi mmoja mkavu, ukatambaa chini kwa chini bila kutoa ndimi, ukafika kwenye nguzo ya uzio na kuila. Familia ile ililala usiku tatu juu ya moto bila kujua. Nyumba ilinusurika, lakini tangu siku hiyo sijachoma tena kisiki penye watu. Nawe una msonobari, mti wenye utomvu unaodaka moto upesi, na hatua sita tu. Mafuta ya taa yanaongeza ubaya, kwa kuwa yasiyoungua hunywewa na udongo. Petroli ndiyo usithubutu kabisa: mvuke wake hutanda chini na kulipuka usoni mwa aliyeshika kiberiti.

Kama unaweza kukodi mashine ya kusaga visiki pamoja na mtu anayeijua, hiyo ndiyo njia ya haraka. Ina gurudumu lenye meno linalokula mbao kidogo kidogo hadi sentimita 20 au 30 chini ya ardhi. Kisiki chako kitachukua saa, si siku. Mafundi waondoe mawe na misumari kwanza, wavae miwani, na watoto wawe ndani, maana meno yale hurusha vipande kwa nguvu. Jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi ni kwamba maranda yanayobaki hayafai kuachwa shimoni. Vijidudu vinavyoozesha mbao huchukua naitrojeni iliyo kwenye udongo, na nyasi utakazopanda juu yake zitakuwa njano. Yachote yote, uyatandaze juu ya udongo chini ya miti mingine, kisha jaza shimo kwa udongo safi na uuache umevimba kama shubiri moja. Utashuka wenyewe.

Kama mashine haipo, ni mkono. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu watu huumia mgongo kwa kukosa mpangilio, wakati kazi yenyewe si ngumu hivyo. Kwanza hakikisha hakuna bomba la maji wala waya wa umeme unaopita hapo. Jioni ya kuamkia kazi, mwagia udongo maji mengi. Asubuhi chimba mtaro kuzunguka kisiki, upana wa kutosha mtu kusimama ndani na kurusha shoka, kina kama cha goti. Mizizi mingi ya pembeni utaikuta humo humo, kwa kuwa sehemu kubwa ya mizizi ya miti hukaa karibu na uso wa ardhi, ndani ya sentimita 60 za kwanza.

Kila mzizi utakaoufukua, uoshe kwa maji kabla ya kuukata. Mchanga na vijiwe huua makali ya shoka, na shoka butu huteleza likakupiga mguu. Halafu ukate mara mbili: pale unapoungana na kisiki, na tena umbali wa mkono mmoja. Toa kipande. Usiukate mara moja tu ukaendelea na mwingine. Ile nafasi inayobaki baada ya kipande kutoka ndiyo itakayokuruhusu kuufikia mzizi ulio chini yake, na ndiyo itakayokiachia kisiki mahali pa kulalia. Nimeona vijana wenye nguvu kuliko mimi wakihangaika siku nzima na kisiki ambacho mizizi yake yote imekatwa, lakini vipande vyenyewe bado vimebana pale pale.

Ukimaliza mzunguko, ingiza mtaimbo upande mmoja na ukitikise. Kikicheza, kilichokishika ni mzizi mkuu unaoshuka wima. Chimba chini yake upande mmoja, uusafishe, uukate kwa msumeno wa zamani usiouonea huruma, kwa sababu udongo utayala meno yake. Kwa upana wa sentimita 60, watu wawili wanaopokezana wajipe siku mbili. Wakijipa siku moja watakimbia, na anayekimbia na shoka ndiye anayejikata.

Njia ya tatu ni kukiozesha. Ni halali kabisa, ila ni ya miaka, si miezi. Mbao huozeshwa na kuvu, na kuvu anataka maji, hewa na naitrojeni, ambayo kwenye mbao ni haba sana. Ndiyo maana watu hutoboa matundu kwa drili, mapana kama kidole gumba na marefu kama kiganja na zaidi, wakayajaza samadi au urea, wakalowesha, wakafunika kwa udongo. Inasaidia. Lakini mbao inayooza huita mchwa, na kwa hatua sita kutoka nyumbani kwako singekushauri.

*Mzee, mimi nina kisiki cha mkaratusi. Kila mwezi nakata machipukizi, na kila mwezi yanarudi mengi zaidi. Sasa ni mwaka. Kuna mkaratusi mwingine hatua tano kutoka hapo, huo naupenda, unatupa kivuli. Rafiki amenishauri dawa ya kuua magugu. – Kijana Aliyechoka*

Mwanangu, pole. Unapigana na mti ulioumbwa kwa ajili ya vita hivyo. Mikaratusi mingi ina uvimbe pale shina linapokutana na mizizi, nusu yake imezikwa udongoni. Ndani yake kuna vichipukizi vilivyolala, na mizizi imejaa chakula cha akiba. Ukiyaacha machipukizi mwezi mzima ndipo uyakate, umeyapa majani muda wa kutengeneza chakula na kukirudisha chini. Unayakata, lakini mizizi imeshalishwa.

Dawa inafanya kazi. Zile zenye glaifoseti au traiklopa hupakwa kwa brashi kwenye jeraha bichi, ndani ya dakika chache baada ya kukata, tena kwenye ule mduara wa nje ulio karibu na gome. Katikati ya kisiki ni mbao iliyokwisha kufa, haisafirishi kitu. Jeraha la mwaka mzima kama lako halinywi. Ingebidi ukate kipande kipya kwanza. Mwingine ningemwambia avae glavu, asome karatasi ya maelezo yote na kuifuata, achague siku isiyo na dalili ya mvua.

Wewe nakukataza, kwa sababu ya ule mkaratusi unaoupenda. Miti ya aina moja iliyosimama karibu huweza kuunganisha mizizi chini ya udongo hadi utomvu ukapita kutoka huu kwenda ule. Dawa utakayompa marehemu inaweza kumfikia aliye hai, na hakuna njia ya kuirudisha.

Fanya hivi. Kagua kisiki kila wiki mbili, si kila mwezi, na uling'oe kila chipukizi kwa mkono likiwa halijazidi urefu wa kidole. Kung'oa, si kukata: likitoka na kisigino chake linaondoka na vichipukizi vilivyo jirani. Ukitaka kumaliza mapema zaidi, fukua uvimbe wote na uuondoe kwa shoka au kwa mashine, hata kama mizizi mirefu itabaki. Aghalabu mkaratusi huchipua kutoka kwenye uvimbe, si kutoka kwenye mizizi iliyobaki mbali. Kazi iliyo upande wa mti wako wa kivuli ifanye kwa mkono taratibu, na mzizi ukiuona unaelekea unatoka kwake, uuache.

*Shikamoo. Je, mnazi uliokatwa utachipua? Na mizizi yake inashuka hadi wapi?*

Marahaba. Hautachipua. Mnazi una kitovu kimoja tu cha kukulia, nacho kiko kileleni. Kilipoondoka, uhai wake uliondoka nacho. Hauna mzizi mkuu. Una mamia, hata maelfu, ya mizizi myembamba kama kidole, na haineni hata mnazi ukizeeka. Kwa hiyo chimba karibu na shina, kata mizizi kwa sepetu lenye makali, ukilaze. Ndani yake ni nyuzi na si mbao ngumu, hivyo hata ukiuacha huoza mapema kuliko visiki vingi. Usiupeleke kwenye mashine ya kusaga kama unaweza kuepuka: nyuzi zile hujiviringisha kwenye gurudumu. Michikichi na mitende ya shina moja ni vivyo hivyo. Ile inayoota mashina mengi kutoka chini moja ni habari nyingine, kwa sababu watoto wake watainuka.

*Mzee wangu, wiki ijayo tunakata mti mwembamba kando ya ukuta, unene kama sahani. Nimesoma ushauri wako wa zamani na sitaki kubaki na kisiki. Nitumie gari kuuvuta?*

Barua hii imenifurahisha kuliko zote, kwa sababu wewe umeuliza kabla ya kukata.

Usiukate chini. Punguza matawi na kilele, uache shina la mita moja na nusu. Hilo shina ni wenzo wako. Kamba iliyofungwa juu kwa urefu huo ina uwezo wa kupindua mara kumi ya kamba iliyofungwa kwenye kisiki cha sentimita 15, kwa jasho lile lile. Mafundi wanaokata mti chini kabisa, wakidhani wanakusaidia, huwa wamekunyang'anya chombo bora ulichokuwa nacho.

Chimba na kukata mizizi kwanza, kama nilivyomweleza Mama wa Watatu. Ndipo uvute, polepole, kwa kapi au winchi ya mkono iliyofungwa kwenye kitu imara. Gari nakuomba uliache. Dereva hawezi kuhisi mzizi unapokaribia kukatika. Hukanyaga mafuta, mnyororo unanyooka ghafla, na ukikatika unarudi kama mjeledi wa chuma. Hata kwa winchi, asisimame mtu kwenye mstari wa kamba, na tupa blanketi zito au gunia la mchanga juu ya kamba katikati ili ikikatika isiruke.

Vuta kuelekea uani, kamwe si kuelekea ukutani. Na kabla ya kufunga kamba, fukua upande wa ukuta kwa mkono uone mizizi imekwenda wapi. Mzizi ulioingia chini ya msingi usivutwe hata kidogo, maana utanyanyua msingi pamoja nao. Ukate pale unapogusa ukuta, kilicho ndani kibaki humo, na mwanya wa udongo uushindilie vizuri kabla ya mvua.