Maswali ya wasomaji: Bunduki ya kuwindia nyati

Wahariri, habari za kazi. Nina bunduki ya .30-06 ninayowindia swala na nyumbu. Msimu ujao kundi letu linakwenda Pori la Akiba Maswa, na safari hii kwenye leseni kuna nyati. Wenzangu wamegawanyika: wapo wanaosema .375 inatosha, wapo wanaosema mbogo dawa yake ni .458. Nina uwezo wa kuongeza bunduki moja tu. – Msomaji, Nyegezi, Mwanza

Nunua .375 H&H Magnum, na hiyo .30-06 ibaki kwa swala. Kwa nyati usiitumie kabisa: kanuni za uwindaji hapa nchini zinataka kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu, ya .375 kwenda juu kwa wanyama hatari.

Kaliba hii ipo tangu 1912, na hadi leo ndiyo inayofanya kazi nyingi kuliko zote. Risasi yake ya grein 300, yaani gramu 19 na ushee, hutoka mtutuni kwa takriban mita 770 kwa sekunde. Inamwangusha nyati kwa mita 60, na ukikutana na pofu kwa mita 180 bado unampata. .458 Winchester Magnum inarusha risasi nzito zaidi, grein 500, lakini inakwenda polepole na kushuka mapema, kwa hiyo pofu wa mbali anakuwa taabu.

Halafu kuna teke. Kwa bunduki zenye uzito wa karibu kilo 4, .375 inapiga bega takriban mara mbili ya .30-06 yako, na .458 kama mara tatu. Nyati wengi wanaojeruhiwa na kupotelea vichakani si kwa sababu risasi ilikuwa ndogo. Mpigaji alikuwa anaogopa bunduki yake, akafumba macho na kuvuta triga kwa nguvu, mtutu ukainama, risasi ikaingia tumboni. Jipime hivi uwanjani: mwenzako akupakilie bunduki bila wewe kuona, mara aweke risasi ya kweli, mara ya mazoezi isiyo na baruti. Ukivuta triga juu ya ile isiyo na baruti na mtutu ukachota chini, tatizo limeonekana. Rudi kwenye .30-06, piga taratibu hadi mkono utulie, kisha ndipo upande kwenye .375.

Dukani usianzie kwenye jina la kiwanda. Anzia mwilini mwako. Hakikisha bunduki haina kitu, vaa koti la porini, fumba macho, ipandishe begani, kisha fumbua. Kama unalazimika kunyanyua au kukandamiza shavu ili uone, kitako hakikufai. Kirefu mno kitakwama kwenye koti, kifupi mno kitaleta darubini kwenye nyusi.

Kisha tazama bolti, kile chuma unachovuta na kusukuma ili kupakia risasi. Tunapendelea sana mtindo wa Mauser 98, wenye kucha pana ubavuni inayoshika kitako cha risasi mara inapotoka magazini. Ukirudisha bolti kabla hujaifunga, risasi ile inatoka nayo. Kwenye mitindo mingine inabaki chemba, yaani tundu la risasi nyuma ya mtutu, na ukisukuma ya pili zinagongana na bunduki inakwama, nyati akiwa mbele yako. Mwombe fundi wa duka apitishe risasi tatu za mazoezi, kwanza polepole, kisha kwa kasi. Kumbuka pia kwamba risasi ya .375 H&H ina urefu wa milimita 91, ndefu kuliko ya .30-06. Mkono uliozoea .30-06 huishia njiani: bolti hairudi hadi mwisho, ganda linatoka lakini risasi mpya haipandi, na unafyatua chemba tupu. Zoeza mkono kuivuta hadi igonge.

Risasi ya kwanza iwe ya ncha laini yenye mwili mgumu, inayopanuka bila kuvunjika vipande. Za kufuatia ziwe ngumu zisizopanuka, maana nyati akishageuka utampiga kutoka nyuma na unahitaji kina. Ngumu usiipige ndani ya kundi: inaweza kupita kwa mmoja ikaingia kwa mwingine. Akikaa ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu hadi theluthi moja ya mwili. Moyo wake uko chini kuliko wengi wanavyodhani.

Kibali cha kumiliki kutoka polisi kitangulie malipo. Na uliza kwanza risasi gani zinapatikana kwa uhakika.

Darubini yangu niliirekebisha Mwanza, nikifika porini inapiga pembeni. Imeharibika? – Msomaji, Magu

Mara nyingi ni skrubu. Mtikisiko wa barabara za porini unalegeza zile zinazoshika kitako na vishikizo vya darubini. Zifungue, futa mafuta kwenye nyuzi, zifunge tena kwa zamu. Piga risasi tatu kwa mita 25, kisha tatu kwa mita 100. Darubini nyingi husogeza risasi karibu milimita 7 kwa mita 100 kila kidude cha kuirekebishia kinapolia mara moja, hivyo sentimita 9 ni kama milio 12 au 13. Rudia ukifika kambini, kabla ya kuwinda. Kwa nyati, ukuzaji wa 1 hadi 4 unatosha, na jicho liwe mbali na lenzi angalau sentimita 9.

Bunduki inashika kutu hata nikiipaka mafuta mengi. – Msomaji, Ukerewe

Mafuta mengi siyo kinga. Kosa kubwa huku ziwani ni kuihifadhi kwenye begi lake la sponji: sponji inanyonya unyevu na kuubana kwenye chuma. Begi ni la safari tu. Nyumbani iwe kwenye kabati la chuma lililofungwa, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na ipanguswe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila ikishikwa, kwa sababu jasho la mkono lina chumvi. Risasi usiziache kwenye mkanda wa ngozi, shaba itaota ukungu wa kijani na kukwama chemba. Kabla ya kwenda kuwinda, pitisha kitambaa kikavu mtutuni hadi kitoke safi, kwani mafuta yaliyobaki humo hupeleka risasi ya kwanza kando.