Vyeti vya Kireno kwa viza ya Uingereza

Mdogo wangu, nimekuelewa: umesoma Pemba ya Msumbiji, vyeti vyako ni vya Kireno, sasa upo Mtwara unaomba viza ya masomo Uingereza. Najua hapo mtaani wanaojua Kireno ni wengi, lakini jirani hata akikijua vipi, usimpe kazi hii. Uingereza wanataka tafsiri ya Kiingereza yenye maelezo ya mfasiri kwamba inalingana na cheti halisi, tarehe, jina lake kamili, saini na mawasiliano yake. Mhuri wa wakili kwenye kopi hauchukui nafasi ya hayo.

Skani pande zote mbili, mihuri isomeke, umtumie mfasiri kwa baruapepe. Akikurudishia, pitia alama moja moja. Msumbiji wanasahihisha kwa 20, kwa hiyo 14 ibaki 14, asiigeuze kuwa asilimia. Halafu jina lako, herufi kwa herufi. Likitofautiana na la pasipoti, tafadhali usimwombe mfasiri alirekebishe, maana tafsiri itapingana na cheti chenyewe. Hapo muone wakili akuandalie kiapo cha kuthibitisha kwamba majina yote mawili ni yako, kabla hujalipia maombi.