Kabla hujampeleka mwanao kuteremka mlima na baiskeli, soma hapa kwanza

Juzi baba mmoja kanitumia meseji, keshanunua baiskeli nne, yeye, mkewe na watoto wawili, wikiendi wanaenda kuteremka mlima, anauliza waanze na njia ipi. Nilikaa na ile meseji muda mrefu maana huyo baba nilikuwa mimi, na siku yangu iliishia binti yangu wa miaka 9 amekaa kwenye majani analia, "Baba, vidole vimegoma."

Mimi nimeendesha tangu sijaoa, nikajiona najua kila kitu. Tulipofika, njia zimewekewa rangi, kijani ndo rahisi, bluu inafuata, halafu nyekundu, nyeusi ya wataalamu. Tukashuka kijani mara moja tu, watoto wanacheka, nikasema sasa twende nyekundu. Mke wangu akaniambia, hawa bado. Nikamjibu waache wakomae. Hilo neno linaniuma mpaka leo.

Watu hudhani mtoto anaangushwa na spidi. Wangu aliangushwa na woga, alibana breki toka juu bila kuachia hata mara moja. Vidole vyenyewe vidogo, mikono ya breki iko mbali na usukani na sikuwa nimeisogeza, wakati kwenye baiskeli yake kuna skrubu ndogo tu ya kazi hiyo, dakika mbili umemaliza! Ukibana mfululizo hivyo diski, kile chuma cha duara cha breki kwenye gurudumu, inachemka, nguvu ya breki inapungua, na vidole navyo vinakufa ganzi. Alipofika kwenye kona hana breki hana vidole, akatoka nje ya njia. Magoti yaliokolewa na pedi, kiwiko kilichubuka, helmeti ikapasuka. Na helmeti ikishagonga kwa nguvu usiitumie tena, hata kama huoni ufa.

Kuna ndugu yangu alisema mbele za watu kwamba natafuta sifa kwa mgongo wa mtoto. Sikumjibu. Iliniuma kwa sababu haikuwa uongo wote.

Wazazi wenzangu, tupunguze haraka. Mtoto afundishwe kupunguza mwendo kabla ya kona, abane aachie, kidole kimoja kwenye breki vingine vishike usukani. Siti ishushwe, asimame juu ya pedali zikiwa usawa, magoti na viwiko vikunjwe, macho yaangalie mbali asikodolee tairi la mbele. Apumzike kabla hajaomba, maana watoto hawaombi, wanavumilia ili wakufurahishe, na wewe unadhani wanafurahi. Na njia achague yeye! Sio wewe, sio kaka yake mkubwa.

Tulikaa miezi kwenye kijani, kijani, kijani tu. Mwezi uliopita akaniambia mwenyewe anataka bluu, akashuka mbele yangu, kila kona nasikia anabana, anaachia, anabana, anaachia. Chini alinisubiri hata hahemi. Nimeshashuka njia nyeusi nyingi maishani, hakuna iliyonipa furaha ile.

Yule baba nimemjibu hivi: kabla hamjatoka nyumbani, mkalishe kila mtoto kwenye baiskeli yake, mwambie abane breki kwa kidole kimoja. Kisipofika vizuri, tafuta ile skrubu kwanza.